Tangazo la Saa Nne

Jumatatu, 5 Februari

Chai saa nne, kibandani nyuma ya maabara. Nduma ngumu, hazikuiva. Mutuma, msimamizi wetu wa maabara, alitangaza kwamba friza zote zitahamishiwa jengo jipya Alhamisi. Kila mwanafunzi wa uzamili abandike utepe mwekundu kwenye kisanduku chake cha sampuli. Kisanduku kisicho na utepe kitahesabiwa kuwa cha watu waliokwisha kuhitimu, na kitachomwa. Jambo la busara. Friza zimejaa vitu vya watu tuliokwisha kuwasahau.

Kisha akasimulia habari za shemeji yake aliyenunua punda anayeogopa mizigo. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mutuma akisimulia kwa Kimeru hana mpinzani. Wawira, mwanafunzi wangu, alikuwa kwenye benchi lake la ukutani, akitabasamu. Tangazo limetolewa, kila mtu ameitikia.

Jumatano, 7 Februari

Nimesoma sura ya tatu ya tasnifu ya Wawira. Safi. Nimekuwa msimamizi wa wengi, wachache wanaandika hivi.

Kazi yake ni vinundu vya mizizi ya kunde. Ndani ya kinundu mnaishi bakteria wanaoulisha mmea nitrojeni kutoka hewani. Wawira ametafuta aina zinazovumilia ukame, akichimba mashamba ya Mbeere misimu miwili, kwa jembe dogo na ndoo ya barafu. Kinundu hupatikana mmea ukiwa kijani tu. Mvua ikipita, hakuna. Najielezea mwenyewe kama niko darasani. Tabia ya ualimu haiponi.

Usajili wake unaisha Machi. Kilichobaki ni vipimo vya mwisho. Atamaliza.

Ijumaa, 9 Februari

Kisanduku cha Wawira kimechomwa.

Alienda jengo jipya asubuhi kuchukua sampuli. Hakikuwepo. Aliandika swali kwenye kiganja chake akamwonyesha Mutuma. Mutuma akampeleka kwenye tanuri la taka. Majivu tu.

Nilimkuta Mutuma ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jina kwenye kisanduku lilikuwa limefutika kwa barafu, alisema. Alidhani ni cha zamani.

"Mwalimu, nilisema mbele ya watu wote. Hata yeye aliitikia kwa kichwa."

Ni kweli, aliitikia. Nilimwona.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani sikusikiliza mahubiri.

Wawira alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto, kwa homa ya uti wa mgongo. Kwao ni Manyatta, Embu. Katika shule ya viziwi walimfundisha kusoma midomo kwa Kiswahili na Kiingereza. Umtazame, useme taratibu, anakuelewa kuliko wenye masikio. Darasani sote tunafanya hivyo. Tunajisifu kwa hilo, hata mbele ya wageni.

Lakini saa nne tunaingia kibandani na kurudi nyumbani kwetu, yaani Kimeru. Kwenye midomo ya Kimeru yeye haoni kitu. Na hapa kwetu tangazo la karatasi ni la wageni wa wizara. La kweli hutolewa kwenye chai. Nani anatumia mashine gani, lini umeme unakatwa, nani amepata nafasi ya mafunzo. Nusu ya shahada hutolewa kibandani, na yeye amekaa humo muda wote huo akitutazama tukicheka.

Jumatatu niliandika kwamba kila mtu ameitikia. Mimi, msimamizi wake.

Jumanne, 13 Februari

Amekuja ofisini. Nilimwuliza kwa nini aliitikia jambo asilolielewa. Sauti yake ni nzito kidogo, haipandi wala kushuka. Alijibu bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Prof, nikiuliza kila dakika mnasema nini, mtanichoka. Kwa hivyo wakiitikia, naitikia. Wakicheka, nacheka."

Nilimwahidi nitapigania muda. Alinitazama midomo, kisha macho, akaondoka.

Jumatano, 21 Februari

Nimekwenda na Wawira Mbeere kutazama kama kuna kunde zilizobaki kijani. Mabua makavu. Ng'ombe wameshaachiwa mashamba. Alichimba hata hivyo, sehemu nyingi, akipiga magoti kwenye vumbi. Vinundu vilivyokuwepo vimeoza, vinapondeka kama chaki. Mvua mpaka Aprili.

Alifuta jembe kwa majani akaliweka kwenye gari.

Jumanne, 27 Februari

Mwenyekiti wa idara, Dkt. Kirimi, amebandika bango mlangoni mwa maabara: idara hii inakaribisha watu wote. Picha ya mikono ya rangi mbalimbali. Amenionyesha kwa furaha. Nilimwambia kibanda cha chai hakina mlango wa kubandikia. Hakuelewa, au alielewa.

Ijumaa, 8 Machi

Bodi ya uzamili imekaa. Niliomba mwaka mmoja kwa Wawira. Nilieleza vinundu, nikaeleza midomo. Nilieleza mno, labda.

Dkt. Kirimi alisema tangazo lilikuwa moja kwa wote na hakubaguliwa mtu. Mwingine akasema muda ulikwisha kuongezwa mara moja. Mutuma aliitwa. Alisimama akasema kosa ni lake. Wakamshukuru kwa uaminifu wake, wakamwomba atoke.

Wamekataa. Anaweza kuomba upya, aanze mwanzo kama mgeni.

Nimempa taarifa mwenyewe, nikiwa nimemkabili, taratibu, midomo yangu ikitetemeka. Alinifanya nirudie. Sijui kama hakuelewa, au alitaka niseme mara ya pili.

Jumamosi, 16 Machi

Manyatta. Wawira anafanya kazi katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Ataendelea hapo. Kuanza upya? Alitikisa kichwa, na safari hii nina hakika na alichomaanisha.

Alinipeleka kwao nikanywe chai. Mama yake aliniuliza maswali kwa Kiembu, ninakifahamu cha kutosha. Alitaka kujua tulikuwa tukikaa wapi na mtoto wake muda wote huo.

"Hapa, hata kuku akichinjwa," alisema, "tunamgeukia tukamwambia."

Nilitazama. Kaka zake walipozungumza walimgeukia, wakasema kwa Kiswahili. Mjomba aliyeingia akiwa na habari za mazishi alingoja mpaka Wawira amwangalie, ndipo akaanza. Jambo dogo, halikuhitaji bodi wala bango.

Jumatatu, 25 Machi

Mawingu upande wa mlima. Huenda mvua ikawahi.

Chai saa nne. Mutuma alisimama kutangaza kwamba umeme utakatwa Alhamisi. Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, akiwa amelielekea benchi la ukutani. Lilikuwa tupu. Alipomaliza aliendelea kulitazama kidogo.

Hakuna aliyecheka. Nilimenya nduma yangu. Leo zimeiva.