Gari la Kaari Linalopanda Mawe

Manyatta,
Embu.
Jumamosi, 16 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Murungi,

Kaari amenirukia mgongoni sasa hivi, mikono imejaa tope, akaacha vidole vyake vyote kwenye pembe ya karatasi hii. Nilitaka kuchukua karatasi nyingine, amenikataza. Ati hiyo ndiyo sahihi yake kwa mjomba. Basi ipokee hivyo hivyo.

Hujambo lakini? Joto la Doha linakuacha ulale? Na kile kikohozi cha baridi ya mashine za ofisini kiliisha? Huku sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma. Manyunyu kutwa, mlima tumeusahau sura. Mama goti linamsumbua, na bado Jumapili ndiye anafika kanisani kabla ya mwenye ufunguo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu iliingia kwa ndoo ya maji. Peninah atapita kesho kuchukua hii barua, halafu arudi huko kazini kwenu.

Ule mzigo wako ulifika, kaka. Mota, rimoti na betri ulizotoa kwa lile gari la mchezo lililotupwa, zote zilifika salama. Kaari alilala na rimoti kifuani kama mwanasesere. Alipoamka akamwambia babake, “Nitengenezee gari la kupanda mawe. Si la barabara. La barabara kila mtu ako nalo.”

Sasa nikwambie ya huyu mume wangu Mutegi, maana wewe sikufichi kitu. Tangu pikapu ya maziwa ipinduke naye pale kwenye mlima wa mtoni, hajashika usukani. Bega lilishapona. Ni moyo. Hata akipewa lifti anakaa nyuma na kufunga macho. Salesio, mwenye pikapu, ametuvumilia sana. Aliitengeneza, akaileta hapa nyumbani, akamwachia Mutegi ufunguo azoee tena. Lakini maziwa ya watu hayangoji. Amesema asipomwona barabarani Jumatatu, kazi atampa mtu mwingine. Ufunguo umekuwa ukining'inia kwa msumari, na mimi naupita nikijifanya siuoni.

Kwa hivyo Mutegi alipokubali kutengeneza hilo gari la mtoto, nilinyamaza kabisa nisije nikaharibu. Fremu aliikata kwa vyuma vya ule mwavuli wa mama uliovunjika. Springi ni za kalamu za biki. Magurudumu alichonga kwa ndara zangu kuukuu, akayatia meno kwa kisu ili yashike jiwe. Idrisi, yule fundi wa redio wa mjini, alilehemu nyaya, akatafuta giya ndogo kwa printa mbovu ili gari lisikimbie, litambae tu kama kinyonga. Mwili wake ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Ungeona lilivyo zuri!

Likakataa kupanda. Kila likiinua pua kwenye lile jiwe kubwa la nyuma ya jikoni, linageuka chali, magurudumu juu. Kaari anacheka, “Baba, hii gari imelewa?” Lakini mimi nilikuwa naangalia uso wa Mutegi. Kila likipinduka, naye anarudi nyuma hatua. Halafu Salesio akapita, akatania, “Mutegi, hata ya mtoto unaangusha?” Alicheka peke yake. Mutegi aliweka rimoti chini, akaingia nyumba. Siku hiyo chai yake ilipoa kikombeni.

Shida ilikuwa ni udereva wake wenyewe. Unajua madereva wa huku tope likija wanafanya nini: mzigo wote nyuma, magurudumu ya nyuma yaume udongo. Basi na betri, ambayo ndiyo nzito, aliifunga huko nyuma kabisa. Hakuna mtu alimfunza vingine.

Jana nilikuwa napandisha nyasi za ng'ombe kutoka bondeni, mzigo mgongoni, ukanda kwa kichwa kama tunavyobeba siku zote. Kaari alikuwa amekaa juu ya jiwe na gari lake. Akaniuliza, “Mama, mbona wewe huanguki nyuma?” Nikamjibu nikihema, “Si nimeinama mbele? Nikisimama wima hapa, mimi na nyasi tutakuwa mtoni.”

Mutegi alikuwa mlangoni. Akaniangalia, akaangalia gari, akaniangalia tena mpaka nikaona haya. “Mama Kaari,” akasema, “hebu simama hapo hapo.” Nikamwambia nyasi ni nzito, aangalie haraka! Akacheka, kaka. Mutegi akacheka.

Akahamisha betri mbele, chini kabisa, karibu na pua. Gari likaweka gurudumu moja juu ya jiwe, likatulia, likaweka la pili. Kaari akataka kulikimbiza, babake akamshika mkono: “Polepole. Usiogope likiyumba. Acha lishike kwanza, ndio uongeze.” Hiyo sauti nilikuwa sijaisikia tangu ajali. Likafika juu. Kaari akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, na mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Leo asubuhi msumari hauna ufunguo. Sijauliza. Nimemwona akipangusa vioo vya pikapu, halafu akaingia akaketi, mlango wazi, mguu mmoja nje. Amekaa hivyo tangu nianze kuandika. Tuombee, kaka. Wewe ndiye mjomba, na baraka ya mjomba huku kwetu hatuichezei.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Kaari anauliza kama huko kuna mawe. Nisalimie Muriithi mnayeishi naye chumba kimoja, mwambie kwao wote ni wazima. Mungu akutandikie kivuli kila unapokanyaga, akurudishe kwetu ukiwa mzima na mnene kidogo.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote, Gatakaa, ninayekuombea kila

Kaka, injini imewaka. Mutegi ananiita, nitoe jiwe kwa gurudumu la nyuma, nimbebe Kaari tukae naye hapo mbele, ati anataka twende polepole mpaka