Nilichomjibu Mama Njoki kwenye benchi la korti

Jumatatu. Subukia tumeamka na ukungu, Nakuru nikakuta jua kali.

Rufaa yangu imesikizwa leo. Jaji atatoa uamuzi Alhamisi. Ama nirudi kwa watoto wangu ninaowafundisha nasari, ama nianze ile miaka miwili niliyohukumiwa kwa kula njama ya ulaghai.

Njama yenyewe ilikuwa hivi. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alileta mgeni nyumbani, akasema ni mtoto wa mzee mwenye shamba linalopakana na letu, mzee aliyehama kabla sijaolewa huku. Mgeni huyo alitaka kuuza. Mnunuzi alikuwa Mama Njoki, mjane tunayesali naye kanisa moja. Kwetu mkataba wa shamba huandikwa sebuleni watu wakinywa chai, na kila aliyekuwepo anaweka jina na nambari ya kitambulisho kama shahidi. Mimi ni mwalimu, nina mwandiko mzuri, kwa hivyo niliitwa kutoka jikoni nikauandika wote. Kumbe mgeni hakuwa mtoto wa mzee wala nini. Yeye na shemeji wako ndani. Mimi niko nje kwa bondi mpaka rufaa iamuliwe.

Wakili wangu leo aling'ara. Alisema mtu hawezi kula njama ya jambo asilolijua, na kwamba mteja wake alikuwa anapika chapati tu. Mimi niliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

Lakini kuna kitu nilikiona.

Kabla ya chai walienda kukagua mipaka. Nikiwa mlangoni pa jikoni nilimwona mgeni amesimama kwenye ua wa shamba, amepotea kabisa, na shemeji akimwelekeza kwa kidevu mpaka ulipo. Nilishtuka. Mtu aliyezaliwa pale angeelekezwa kweli? Nikarudi kwa chapati zangu. Mimi ni mke wa pale, na shemeji humwaibishi mbele ya wageni. Naandika haya hapa kwa sababu blogu hii haina jina langu.

Baada ya kesi nilimkuta Mama Njoki kwenye benchi la nje. Wakili alishanionya nisiongee naye. Akasogea, nikakaa.

“Mwalimu, hiyo siku ulikuwa unajua?”

“Sikujua, mama.”

“Hata mimi huwa nawaambia watu hivyo. Wacha tuombe.”

Akanishika mkono, akaomba jaji aniachilie. Mimi nikasema amina.

Nimejichukia safari yote ya kurudi. Nikingoja Alhamisi, niachiliwe kwanza, kumwambia ukweli kutakuwa rahisi mno. Nikimwambia kesho, anaweza kwenda moja kwa moja kwa upande wa mashtaka, na sitamlaumu. Kisha nafikiria watoto wangu wa nasari na mwalimu mwingine.

Nimemtumia ujumbe nikauliza kama kesho asubuhi atakuwa nyumbani.

Amejibu saa hiyo hiyo: “Nipo. Karibu sana, mtoto wangu.”