Mabati Mapya ya Mama Eliza

Suji, Jumanne jioni

Na bado yanang'aa! Jua limeshazama, yenyewe yanang'aa tu.

Fundi yuleyule alituezekea sote bati jepesi akiapa ni nene. Mama Eliza, jirani yangu, akapeleka malalamiko wilayani. Maofisa wakaja na kipimo, wakambana fundi, na leo kamwezekea upya bila malipo, jasho likimtiririka.

Kwangu pia walipiga hodi wiki iliyopita.

"Shikamoo mama. Na wewe kakudanganya?"

"Marahaba. Mimi? Mimi bati nalijua, mwanangu."

Ningesemaje? Siku ya kubariki nyumba nilipikia kwaya nzima makande, nikajigamba kwamba fundi huyo nilimchagua mwenyewe. Mama Eliza alimpata kwa kuniiga mimi. Sasa mwigaji ana paa, mwalimu ana sufuria.

Jioni hii kaniita kwenye ua: "Jirani, kwako hakuvuji kweli? Maofisa wanamaliza Ijumaa."

"Hata tone."

"Una bahati, mwenzangu."

Lile tabasamu lake...

Mvua imeanza. Nimetandika kitambaa ndani ya sufuria, matone yasije yakasikika kwake.