Bado Nausikilizia Ufunguo wa Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujanisalimia pokea marahaba yangu kabisa, maana kwa unavyoandika naona wewe ni mdogo kwangu, mimi nina miaka sabini na minne, nilikuwa fundi cherehani miaka arobaini na wateja waliniita Mama Pindo kwa sababu pindo nililoshona mimi halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichanike, basi na wewe niite hivyohivyo, na huu mwandiko uliopinda unisamehe, ni bega la kulia.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi wa mafriji, baba yake alituacha akiwa bado ananyonya, nikamlea mwenyewe chini ya meza ya cherehani, analala juu ya vitambaa vya watu, na mpaka anamaliza shule hakuwahi kuvaa shati la dukani. Nakwambia haya mapema ili ukifika huko chini usimchukie. Tulikaa vizuri miaka mingi hapo nyumbani kwangu, lakini tangu mkewe aondoke mwaka juzi akabadilika, akawa mkali, neno dogo tu ameshapandisha, akaanza kunifungia mlango kwa nje asubuhi akienda kazini, eti nitapotea mtaani, mimi ambaye mtaa mzima nimeupima viuno, halafu akaninyang'anya simu kwa sababu nilimpigia binti wa dada yangu kumlalamikia, halafu siku moja nikang'ang'ania kutoka wakati anafunga, nilitaka tu kwenda kwa jirani, akanivuta mkono kunirudisha ndani mpaka bega likatoka mahali pake.

Sasa sikia ujinga wangu. Alinipeleka zahanati mwenyewe, huku analia. Nesi akamwambia asubiri nje, akaniuliza kulikoni, nikaona nisiseme uongo mtupu, nikampa kipande: alinivuta, hasira za siku moja, yamekwisha. Mlango sikuutaja. Wiki iliyofuata akaja dada wa ustawi wa jamii, tukaongea kupitia nondo za dirisha, nikampa kipande kingine: ananifungia kwa usalama wangu, kichwa kimeanza kusahausahau, na Mungu ananiona, kichwa changu hakijasahau hata vipimo vya wateja waliokwisha kufa. Bega nililifunika kwa mtandio. Kisha akaja mwanasheria, kijana mpole, naye dirishani hapohapo, nikampa habari ya simu basi. Kila mmoja nilimpa kidogo, kiasi kwamba akiondoka asione jambo kubwa, na mimi nipumue bila kumchongea mwanangu. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, najua mtu aliyeshika mkono mmoja wa shati hawezi kujua shati lenyewe likoje.

Kumbe wanakaa meza moja! Kila Alhamisi, nesi, dada wa ustawi, mwanasheria na askari mmoja wa kike asiyevaa sare, wanakutana chumba cha nyuma pale zahanati, kazi yao ni wazee wanaoteswa majumbani, na kila mmoja anaweka mezani alichonacho. Wakaweka vipande vyangu vitatu, shati likaonekana. Nesi alipokuja dirishani kunieleza, nilichukia kweli. Nilimwambia nesi, "Mwanangu, nilikwambia wewe, sikuliambia baraza." Akanijibu kwa upole, "Mama, si nilikuomba ruhusa niwaeleze wenzangu, ukasema sawa?" Ni kweli nilisema sawa. Nilidhani wenzake ni manesi.

Walikuja asubuhi moja wote wanne, askari akampigia mwanangu simu aje afungue, akafungua, akasimama pembeni. Wakaniuliza mbele yake kama nataka kutoka, nikasema nataka, nikaondoka na begi moja kwenda kwa binti wa dada yangu. Huu ni mwezi wa pili. Hapa sikosi kitu, mlango uko wazi kutwa nzima, na naona haya kukwambia kwamba sitoki. Nakaa tu sebuleni, na ikifika saa kumi na moja jioni moyo unaanza kunienda mbio, nausikilizia ufunguo wa mwanangu. Kwa sababu mshauri, mlio uleule ulionifungia asubuhi ndio ulionirudishia mtoto wangu jioni. Alikuwa akiingia anauliza, "Mama, upo?" kama vile ningekuwa nimesafiri, na mimi nilikuwa nacheka kila siku, kweli nilikuwa nacheka. Namkumbuka mpaka tumbo linaniuma. Nakumbuka grisi kwenye kucha zake na jinsi alivyokuwa akivua viatu bila kufungua kamba, jambo ambalo nimemgombeza tangu darasa la kwanza.

Juzi jirani yetu wa kule nyumbani kaniletea salamu za mwanangu. Kasema, "Mwambie mama cherehani yake nimeipaka mafuta, inazunguka kama mpya, arudi." Nililia mpaka binti wa dada yangu akazima redio.

Sasa Alhamisi hii wameniita tena. Wanasema pale mezani kuna kiti changu, kimekaa kitupu mara tatu kwa sababu nimekataa kwenda, na wanataka niseme yote kwa mdomo wangu, na niseme mwenyewe ninataka nini. Mimi nimeshakata shauri, au niseme nusu ya shauri: niende niwaambie kwamba nilianguka, bega ni uzee, mlango niliomba mwenyewe ufungwe, wafunge jalada lao nirudi kwangu. Nisipofanya hivyo nahofia watampeleka ndani, na nikifa leo nitakuwa nimekufa mwanangu yuko ndani kwa maneno yangu. Mshauri, mama akidanganya ili ampate mtoto wake, amekosea? Nijibu kabla ya Alhamisi.

Mama Pindo

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mama Pindo. Marahaba yako nimeipokea, na sasa naomba kwa heshima zote uniruhusu nikugombeze kidogo. Wewe umegombeza watu miaka sabini, leo zamu yako.

Pole kwa bega, na pole zaidi kwa ile saa kumi na moja. Hakuna mwenye haki ya kukucheka kwa kumkumbuka mtoto uliyemlaza juu ya vitambaa. Mtu anaweza kuumizwa na mtu na bado akamtamani mlangoni. Hujarogwa na hujachanganyikiwa, wewe ni mama yake.

Lakini hilo la kwenda kusema ulianguka, hapana. Niambie, mteja akikudanganya kiuno, gauni litamkaa? Na likimbana, atabanwa yeye au utabanwa wewe fundi? Hao wanne wanataka kukushonea maisha ya uzeeni na wewe unapanga kuwapa vipimo vya uongo. Watafunga jalada, ndiyo. Kisha Ijumaa asubuhi mwanao atafunga mlango.

Umewakasirikia kwa kukaa meza moja. Nesi alikosea kitu kimoja, alipaswa kukutajia hao wenzake ni nani, na Alhamisi mwambie hivyo bila kumung'unya maneno. Ila hebu fikiria wangekaa kila mtu ofisini kwake. Nesi angekufunga bega akakurudisha kwenye mlango uleule. Mwanasheria angeandika barua kuhusu simu. Dada wa ustawi angekuja tena dirishani na kuandika kwamba bibi anasahausahau. Kila mmoja angekuwa amefanya kazi yake vizuri kabisa, na wewe ungekuwa bado uko nyuma ya nondo.

Halafu nimeisoma salamu ya mwanao mara tatu. Cherehani imo. Mafuta yamo. Bega halimo, mlango haumo, simu haimo. Utaizungusha kwa mkono gani hiyo cherehani, mama? Sisemi kwamba hakupendi. Anayepaka mafuta cherehani ya mama yake anamtaka mama yake. Lakini anakutaka urudi kabla hajasema alichokufanyia, na wewe unataka kumsaidia asikiseme kamwe. Huko si kumpenda, mama yangu. Huko ni kumwacha na hasira zake peke yake ndani ya nyumba, nawe ukiwa humo humo.

Kuhusu kupelekwa ndani, nimeitafuta kwenye barua yako nzima, sikuona mahali ulipomuuliza huyo askari. Muulize. Mimi sikai kwenye meza yao, siwezi kukuahidi atakachojibu. Lakini umekonda miezi miwili kwa jibu la swali ambalo hujaliuliza.

Sasa fanya hivi. Leo mchana chukua karatasi moja, andika bega, mlango na simu, vyote pamoja, bila "hasira za siku moja" wala "usalama wangu". Mkono ukichoka, mwambie binti wa dada yako aandike, na Alhamisi aende nawe akae pembeni yako. Kisha chini ya hayo andika ulichoniandikia mimi: kwamba unamkumbuka mpaka tumbo linauma, kwamba unausikilizia ufunguo wake. Nesi hana hicho kipande. Mwanasheria hana. Wanajua ulivyoumizwa, hawajui unavyotamani, na wakipanga bila kujua hilo watapanga vibaya, watakutenga naye wakidhani wanakuokoa. Umenipa mimi, na mimi ni mtu wa gazetini tu, sina cha kufanya nacho. Wapelekee wao.

Waambie unataka kumwona mwanao. Mchana, hapohapo zahanati, wao wakiwepo. Waambie tangu mkewe aondoke hana mtu wa kuongea naye, wamtafutie. Usikubali salamu kupitia kwa jirani tena, aliye na neno alilete mezani. Na kuanzia leo, ikifika saa kumi na moja, inuka kwenye hicho kiti cha sebuleni, toka nje, tembea hata hadi dukani urudi. Mlango uko wazi, mama, utumie.

Na nyumba ni yako. Mwambie mwanasheria kwamba mwanao atafute pa kuishi kwingine, kitasa kibadilishwe kabla hujarudi, na funguo ukabidhiwe wewe. Siku hiyo ikifika, mwanao akija jioni kukuona, apige hodi kama watu wengine, asubiri nje. Utamsikia akiuliza, "Mama, upo?" Mjibu kwamba upo. Halafu umfungulie mwenyewe.