Mpwa Wangu, Uliyesimama na Wanawake wa Rangi

Mpwa wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu anwani yako serikali imeificha, na hata mimi, kaka wa marehemu mama yako, sikupewa. Wanasema ni kwa usalama wako. Sawa. Ila mimi niliyemtimua kwa mwavuli yule mnyama wa msitu wa Jordbro, huku Uswidi, mkubwa kuliko ng'ombe, pembe pana kama milango ya kanisa, siku hizi nikisikia viatu kwenye ngazi nazima redio.

Unakumbuka jikoni kwangu Fisksätra, uliponisomea hotuba yako nami nasonga ugali? Ukasema utazungumza na wanawake wa rangi wenzako. Nikakuuliza, "Kwani yupo asiye na rangi? Jirani yangu Mswidi akiota jua anakuwa nyanya."

Ukaanza kunijibu Kiswidi, kama kawaida yenu mliokulia huku, halafu ukanionea huruma, ukarudi kwenye Kiswahili. "Si ngozi tu, mjomba. Kuna Mkurdi, Msomali, Mchile, na mimi. Hata chakula hatufanani. Lakini tukiingia dukani, mlinzi anatufuata wote. Jina hili tumelichagua wenyewe, tusimame pamoja."

"Na mama yako je?"

"Mama kwao Bukoba alikuwa dada yako tu. Rangi aliikuta uwanja wa ndege."

Mama Lea, yule Mrundi wa kwaya aliyekuwa mgeni wangu siku hiyo, akaweka kijiko chini. "Mimi msinitie humo. Nina kwetu, nina kanisa, nina jina."

"Sawa, mama. Hakuna anayevishwa jina kwa nguvu," ukamwambia, ukamwongezea mboga.

Siku ya hotuba pale mjini Tumba ulijitambulisha kwa jina lako kamili. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Baada ya hapo ukaanza kutumiwa ujumbe wa vitisho, kisha picha ya mlango wako. Majina waliyokuita humo hukuyachagua wewe.

Desturi yetu tukikutana Waswahili wa huku unaijua: kabla ya pilau kila mtu anataja watoto wa ukoo wake na walikofika. Juzi zamu ikanifikia. Wakanisogelea, maana wanajua mimi nikianza chakula kinapoa.

"Mpwa wako yule msemaji yuko wapi?"

"Mzima."

"Mji gani?"

"Sijui."

Wakacheka. "Leo mjomba kaishiwa hadithi."

Sikuishiwa. Nilikuwa na uongo mtamu kabisa mdomoni, wewe na jumba lako kando ya ziwa. Nikaogopa. Je, nikibuni mji, halafu uwe ndio huo? Mle ndani simu zilikuwa zinarekodi. Nikavuta sahani ya pilau.

Ukiiona barua hii, usijibu. Usimtume mtu. Niache nisijue ulipo, nikiulizwa nisiwe na la kuwaambia. Jina lako nimeliacha makusudi, na langu pia.

Ni mimi, kaka wa mama yako.