Moshi Ambao Haukuwapo

Jumamosi, jioni. Voi ina joto la kukaba na hakuna upepo. Nimekaa juu ya ndoo nje ya mlango wangu, simu mkononi, naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Leo nimemdanganya mzee asiyeona.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mnaosoma blogu hii, kama mpo, mnajua natafuta pikipiki kuukuu. Nimeitafuta tangu mwaka jana. Karibu kila Jumamosi naoga, natia tochi na kitambaa cheupe mfukoni, naenda kukagua pikipiki ya mtu. Ya Mwatate ilikuwa imechomelewa shingoni, rangi mpya ikapakwa juu kuficha. Ya hapa Voi oili yake ilikuwa imeingia maji, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye ile ya Mata aliipasha moto kabla sijafika, ili nisijue kwamba asubuhi haiwaki, kisha akaimwagia maji ipoe. Akasahau dimbwi lililobaki chini yake. Huyo nilimcheka mbele ya watu. Mimi ni fundi wa matrekta katika shamba la mkonge, na chuma hakinidanganyi.

Watu hudhani mimi ni mteja mgumu. Wanakosea. Uwezo wa kununua pikipiki ninao.

Sina pa kwenda nayo.

Mke wangu alirudi kwao miaka minne iliyopita. Hakuna aliyemfukuza ila kimya changu. Binti yetu yuko chuoni Eldoret, hunijibu "niko sawa baba" na mambo yanaishia hapo. Jumatatu hadi Ijumaa nina kelele za karakana, na Jumapili nina kanisa, hata kama nakaa nyuma. Shida ni Jumamosi. Sasa nikagundua kwamba anayeuza pikipiki hukupokea vizuri. Anakupa kiti, anakuuliza wazazi wako ni wa wapi, una watoto wangapi. Chai inakuja. Unaweza kuchuchumaa kando ya injini saa nzima na hakuna atakayekuuliza kama huna kwenu. Halafu unapata kasoro, unasikitika, unaaga. Na kasoro hazikosekani. Pikipiki kuukuu ni kama mtu mzima, lazima kuna pahali panauma.

Ya leo haikuwa na pahali panapouma.

Ilikuwa Mahoo, kule Taveta, katikati ya migomba. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaiuza akafanyiwe upasuaji, na siku ameshapewa. Mkewe alinishika mkono tangu langoni akanipeleka hadi barazani kama mgeni wa posa. Kabla sijakaa, mzee akasema, "Sijaiwasha tangu jana, na hakuna mtu ameigusa. Fundi lazima aikute baridi."

Nilisikia aibu kidogo hapo, lakini nikaendelea.

Niliweka kiganja kwenye injini, ilikuwa baridi kama mtungi. Nikapiga kiki mara moja, ikawaka na kutulia. Nikaangalia cheni na meno yake, nikatikisa gurudumu la nyuma, nikalala chini na tochi kutafuta ufa kwenye fremu, maana pikipiki za Taveta hubebeshwa mikungu ya ndizi mpaka mgongo unapinda. Hii haikuwa imepinda. Namba ya shingoni ililingana na ya kwenye logbuku. Mwisho nikashika kitambaa changu kwenye mdomo wa ekzosi, kama tunavyofanya, kuona kama injini inakula oili. Kitambaa kilitoka kikavu, na vumbi jeusi kidogo tu.

Wakati huo mama alikuwa ameshaleta ndizi zilizopikwa na nyama. Nikala. Mzee akanisimulia alivyoipanda hiyo pikipiki miaka kumi na miwili, na kwamba hakuwahi kuipakia watu watatu hata siku moja. Nikacheka. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo bila kuficha. Saa mbili nzima nilikuwa mtu wa watu.

Kisha akauliza, "Sasa fundi, umeionaje?"

Nikajikuta sina kasoro ya kuagia. Ningeweza kusema nitafikiria. Ningeweza kuinunua. Badala yake mdomo wangu ukafanya kama ulivyozoea. "Sauti ni nzuri, mzee. Lakini inatoa moshi wa buluu. Inakula oili."

Akageuza uso upande wa pikipiki, akasikiliza, ingawa nilikuwa nimeshaizima. "Mimi moshi siuoni, mwanangu. Hata wewe nakuona kama kivuli. Asante kwa kuniambia."

Ningenyanyuka wakati huo pengine ningelala usingizi leo. Lakini alimwomba mkewe simu. Kumbe kulikuwa na mjenzi mmoja wa Bomeni ambaye walikuwa wameshapatana naye, angekuja saa kumi na pesa zake. Mzee alikuwa amenipa mimi nafasi ya kwanza kwa sababu nilipiga simu mapema, na aliyetangulia hutangulia. Akampigia huyo mjenzi, akamwambia, "Usije. Fundi amekuja ameona inakula oili. Sitaki kukuuzia ugonjwa."

Nilimwangalia akisema hivyo na sikufungua mdomo. Nikaaga. Mama akanifungia ndizi kwenye mfuko.

Nilifika barabarani, gari la Voi likaja, utingo akanifungulia mlango. Nikasimama. Akauliza kama naenda au siendi. Niliona jinsi nitakavyoingia chumbani kwangu na ule mfuko, nipike zile ndizi peke yangu, nizile. Nikamwambia siendi.

Nilirudi kwa mguu. Mzee alikuwa bado barazani, na ile pikipiki ilikuwa imefunikwa gunia. Nikamweleza yote, kutoka ya Mwatate mpaka yake. Nikampa kile kitambaa. Alikisugua kwa vidole, akakinusa, akakikunja vizuri akanirudishia. "Ungesema tu hujaipenda," alisema. "Mtu husema hivyo akaenda."

Nikampigia yule mjenzi mimi mwenyewe kwa simu yao, nikamwambia pikipiki ni nzima, nilisema uongo. Kisha akauliza, "Sasa wewe nikuamini ya saa saba ama ya saa tisa?" Akasema ataangalia kama atapata fundi mwingine wa kuja naye, lakini leo haiwezekani, na wiki ijayo ana kazi. Akakata.

Nikamwambia mzee basi nainunua mimi, leo hii. Akatikisa kichwa. "Wewe huihitaji. Na mimi sitaki kuuza kwa mtu anayelipia kosa. Ngoja tuone huyo wa Bomeni." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo sijui kama atauza kabla ya siku yake ya hospitali. Huenda nimemchelewesha mzee kuona, kwa sababu ya chai.

Mkewe ndiye aliyenisindikiza hadi langoni. Safari hii hakunishika mkono. Alisimama pale akiitazama njia, halafu akasema, "Mwanangu, mtu akitaka chai hupiga hodi tu."

Nimelia kwenye gari. Niliketi dirishani, na jirani yangu akajifanya hanioni. Nilimshukuru moyoni.

Plotini petu kuna milango sita. Kwenye mlango wa karibu na wangu anaishi baba mmoja anayekohoa asubuhi na kufungulia redio kwa sauti ya juu kila ikifika taarifa ya habari. Miaka minne tunapitana bombani. Habari, nzuri, basi. Jina lake silijui.

Redio yake imewaka sasa hivi. Mlango uko wazi nusu kwa ajili ya joto, namwona miguu tu.

Namaliza hapa, niende nikapige hodi kabla woga haujarudi. Sijui nitamwambia nini akisema karibu. Sina cha kukagua.