Tukibaki Watano

Jumatano, 1 Novemba 2006
Nzisa ameenda. Seta wetu, wa kutuinulia mipira! Ile timu ya kampuni imempa kazi ya stoo huko Athi River, mradi awachezee voliboli. Alikuja kuniambia mlangoni, hata chai hakunywa. Ati nisikasirike, Mulwa wake yuko Form Two na baba mtu hana kazi tangu Aprili. Nikamwambia aende tu. Mdomo ulisema hivyo. Roho ilisema mengine, na hayo hayaandikiki.

Jumapili, 5 Novemba 2006
Mvua! Udongo mweusi wa Kitengela umemeza uwanja, tunatembea tumevaa matope juu ya viatu. Tumebaki sita, hakuna wa akiba. Jumamosi tunacheza na hao hao wa kampuni, na tukikosa kufika sita tunatolewa kwenye ligi. Evalyne anasema tusijisumbue, wenzetu wana kocha, daktari, hata maji ya chupa. Nikamfokea mbele ya watu. Lakini yuko sawa, na hilo ndilo linaniuma. Miaka yote hii nimeilea hii timu. Atakayeniambia mcheza kwao hutunzwa, nitamtwanga na mpira.

Alhamisi, 9 Novemba 2006
Roda alikohoa mazoezi yote. Mungu wangu, wiki hii tu!

Jumamosi, 11 Novemba 2006
Uwanjani. Roda amelazwa Kajiado, dada yake ndiye ameleta habari. Tuko watano. Refa Muteti ametupa dakika kumi na tano, basi. Nimechoka hadi kulia siwezi.

Kampuni wameshuka kwenye basi lao, Nzisa nyuma yao na tracksuit mpya. Yeye hachezi leo, hawajamaliza kumhamisha. Amekuja kushangilia. Alipouliza Roda yuko wapi, nikamwambia. Kisha akaenda kwa Muteti, na Muteti akasema kwa sauti, bila kumwangalia mtu: kwa karatasi, huyu bado ni wa Kitengela.

Meneja wao amesikia. Ameacha kucheka.

Nikamwambia, “Mama Mulwa, rudi ukae na wenzako. Jumatatu utakula nini?”

Hakurudi. Amevua tracksuit yao, ameikunja vizuri, ameiweka kwa nyasi.

“Mama Lorine, jezi yangu mko nayo?”

Naandika ili nisimwangalie. Evalyne na wengine wananikodolea macho. Jezi iko ndani ya huu mfuko nilioukalia. Sijasimama.